Mbegu za kopo zisizo na jina: zitambue kabla hujazipa shamba

Mwanzoni mwa Machi, mvua za masika zikinukia, mama mmoja wa Kangemi alinijia na kopo la Blue Band lililokuwa la mamake. Ndani mlikuwa na vifundo tisa vya kitambaa, kila kimoja kimekazwa kwa uzi, na majivu yametapakaa chini. Marehemu hakuandika jina hata kwenye kimoja. Hakuwa na haja, alizijua kwa kuzishika.

"Afisa, shamba nimeshalima," akaniambia. "Si nimwage tu nione kitakachoota?"

Nilimsihi asimwage. Shamba lake ni hatua sita kwa nne, na msimu ukipotea hapo hana kona nyingine ya kujaribia. Tena mbegu ikimwagwa yote siku moja, halafu ikaoza au ikaliwa na kuku, imekwisha. Ile ya marehemu huwezi kwenda kuinunua tena agroveti. Basi tukatandaza karatasi nyeupe mezani, tukafungua kifundo kimoja kimoja bila kuchanganya, kila kimoja tukakipa nambari.

Vinne vilijitaja vyenyewe. Kunde ina jicho lake. Malenge ni bapa na ina ukingo. Dania ni kiduara chenye mistari, ukikisugua kinapasuka vipande viwili na kunukia. Nyanya ni bapa pia, ya rangi ya maziwa, na ina manyoya mafupi kama mahameli.

Kazi ilikuwa kwenye vifundo viwili vya mbegu nyeusi, ndogo kama chembe za baruti. Kwa macho matupu ungeapa ni kitu kimoja. Nikamwaga punje chache za kila kifundo, nikainamisha karatasi. Za kwanza ziliteleza zote kwa pamoja, ziking'aa kana kwamba zimepakwa mafuta. Za pili zilijikokota, nyingine zikabaki palepale. Tukazipiga picha kwa simu, tukaikuza. Za kwanza zilikuwa laini, umbo la dengu. Za pili zilikuwa na makwaruzo, na kila punje imejikunja kama konokono. Za kwanza ni terere, za pili ni saga, ile ambayo watu wa Pwani huiita mgagani. Mama akanyamaza kidogo, kisha akasema mamake alikuwa akiilaza saga kwenye maziwa usiku mzima.

Kifundo cha saba ndicho kilichonikumbusha mahali ambapo macho hukoma. Punje zilikuwa mviringo, za kahawia iliyoiva, kama milimita mbili hivi. Hiyo ni jamii ya sukuma wiki, basi. Lakini sukuma, kanzira, kabeji, brokoli na koliflawa zina mbegu zinazofanana mno, na mtu akikuambia amezitenganisha kwa kuzitazama tu, usimwamini. Nalisema hili kwa uchungu. Nilipoanza kazi niliwagawia akina mama wa Kayole mbegu nilizoapa ni sukuma, wakazipanda kwenye magunia. Zilikuwa haradali. Zilikimbilia maua ya njano kabla hawajachuma mara tatu, na samadi waliyoinunua kwa hela yao ikawa imepotea. Spinachi ya hapa kwetu (Swiss chard) na bitiruti hufanana vilevile: kila unayoidhani ni punje moja ni kishada kikavu chenye mbegu kadhaa, ndiyo maana miche huota miwili au mitatu mahali pamoja. Kitunguu na liki nazo ni pacha, nyeusi zenye pembe na mikunjo.

Kwa hivyo, macho yakishakupa jamii, iulize mche. Hesabu mbegu kumi. Kama kifundo ni haba, tano zatosha. Zipange juu ya tishu iliyolowa, isiyochuruzika maji, uifunge ndani ya mfuko wa plastiki na kuiweka mahali penye joto. Hesabu zilizoota siku ya saba, na tena ya kumi na nne. Dania huweza kuchukua hata wiki tatu. Zikiota saba au nane kati ya kumi, mbegu ni nzima. Zikiota tatu, utalazimika kupanda kwa msongamano zaidi. Zisipoota kabisa usiharakishe kuzitupa: Julai, Nairobi hupoa usiku hadi nyuzi 10 au 12, na saga na bamia hupenda joto, kwa hivyo zipeleke karibu na jiko. Saga iliyovunwa juzi nayo hulala miezi kadhaa kabla ya kukubali kuota. Kitunguu ni kinyume chake, hupoteza nguvu upesi, na cha miaka mitatu mara nyingi kimekufa.

Zilizoota zihamishie kwenye mitungi iliyokatwa, ukibandika nambari ileile ya kifundo. Jamii ya sukuma hutoa majani mawili ya kwanza mfano wa moyo, yamebonyea nchani. Kitunguu hutoa uzi mmoja uliopinda kama ndoano. Nyanya ina manyoya kwenye kikonyo na hunukia nyanya tangu ikiwa ndogo, ilhali pilipili haina manyoya hayo. Saga huja na jani la vidole vitatu, baadaye vitano.

Sasa kifundo cha nane, na hiki ndicho nilichotaka kila msomaji akisikie. Mbegu zilikuwa bapa, umbo la figo, za kahawia inayokaribia weusi, na uso wenye vishimo vidogo. Mtu mwenye haraka angesema ni pilipili hoho iliyozeeka. Zilikuwa mnanaha, ule mmea wenye maua ya tarumbeta na tunda la miiba, unaoota hovyo majalalani na kando ya mabanda ya ng'ombe. Huenda marehemu aliuweka kama dawa ya kifua, maana zamani wengine walivuta moshi wake. Mmea mzima ni sumu, na mbegu zake ndizo hatari zaidi. Mwaka 2019, kule Karamoja, Uganda, unga wa uji uliochafuliwa na sumu ya jamii hii uliwafanya mamia ya watu waugue, na baadhi yao wakafa. Mche wake ukiota katikati ya terere na managu, mtoto aliyetumwa mboga atauchuma. Mbegu nyingine ya kuogopa ni mbarika, inayong'aa na madoa kama kupe aliyeshiba. Iweke mbali kabisa na watoto.

Usile chochote kilichotoka kwenye mbegu usiyoijua mpaka jani, ua na tunda vikubaliane. Hata malenge, yakitoka machungu mdomoni, tema. Mbegu zilizopakwa rangi ya waridi, buluu au kijani zina dawa: zishike kwa glavu, na usiwape kuku. Na ukiletewa kwa posta pakiti ambayo hukuagiza, kama ilivyowatokea watu wengi Marekani mwaka 2020, usiifungue wala kuipanda. Ipeleke KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea na mbegu.

Mmea ukikushinda, kata tawi lenye majani, ua na tunda, ulibane ndani ya gazeti likauke, kisha ulipeleke kwenye hifadhi ya mimea ya Makumbusho ya Taifa, Museum Hill. Wataalamu wa pale hutambua mimea, lakini punje peke yake haiwasaidii sana.

Mbegu za mnanaha tulizichoma. Kifundo cha saba kimetoka kanzira, na mama ameshaihamishia shambani. Cha tisa, mbegu ndogo bapa za rangi ya krimu, kimeota miche minne ambayo yaweza kuwa managu au biringanya. Iko dirishani kwake na nambari yake, tunangoja ua.