Vifupisho vya kujua kabla hujaingia mechi za Pokemon za ushindani, usije ukaumbuka kama mimi

Kama umemaliza stori ya gemu, umewapiga majimu wote nane na sasa unajiona uko tayari kwenda kucheza na watu, subiri kwanza. Kule watu hawaongei lugha ya kwenye gemu, wanaongea herufi. Mtu anakuandikia "weka SR mapema, pivot na U-turn, Chomp ndo wincon yako" na yeye anaona kakusaidia kabisa, we umebaki umetoa macho unajifanya umeelewa. Usijifanye. Mi nilijifanya na nikapigwa na herufi moja tu, nitafika huko.

Mepesi nayapitisha haraka. Pivot ni kutoka uwanjani kumpisha mwenzako, U-turn ni muvu ya kupiga alafu unatoka hivyo, na wincon ni Pokemon unayemtegemea akushindie mechi. GL ni kutakiana bahati mwanzoni. GG, yaani mchezo mzuri, inaandikwa mechi ikiisha, sio pale umebakiza Pokemon watatu na mwenzio kabaki na mmoja, hiyo ni dharau hata kama hukukusudia. KO ni kumzimisha, OHKO kumzimisha kwa pigo moja, 2HKO kwa mawili. STAB ni Pokemon kutumia pigo la aina yake mwenyewe, wa moto anapiga moto, nguvu inazidishwa mara 1.5. Scarf, Band na Specs ni aitemu tatu za ukoo mmoja, ya kwanza inazidisha spidi mara 1.5, ya pili ataki, ya tatu ataki ya special, na zote zinakufunga kwenye muvu moja mpaka utoke uwanjani. LO ni Life Orb, pigo linakuwa mara 1.3 na we mwenyewe unakatwa asilimia 10 ya damu kila unapopiga. Lefties ni Leftovers, inarudisha damu 1/16 kila raundi. Hizo zikupite kichwani kama jina lako, hakuna mjadala.

SR nayo ni Stealth Rock, mawe unayoyaweka yaelee upande wa mpinzani na kumkata kila Pokemon wake anayeingia. Wa kawaida anakatwa asilimia 12.5, lakini Charizard ambaye ni moto na anaruka anakatwa NUSU ya damu kwa kuingia tu, hajapigwa na mtu. Ndo maana tangu gemu za Sword na Shield za 2019 utakuta wengi wamevaa Boots, kirefu chake Heavy-Duty Boots, ukivaa hayo mitego yote ya chini haikuhusu. Ukiona mtu anamtumia Charizard kwenye mechi za mmoja kwa mmoja bila Boots ujue ama hajui ama anajua kitu ambacho we hukijui.

Kabla hujaomba timu kwa mtu, jua unacheza wapi. Hili watu wanaliruka alafu wanalia. Kuna VGC, hayo ndo mashindano rasmi ya kampuni yenyewe, mnacheza wawili kwa wawili, levo 50, unaleta sita unachagua wanne. Alafu kuna za Smogon, jamii ya wachezaji ya mtandaoni, mmoja kwa mmoja, sita wote wanaingia, na Pokemon wamepangwa madaraja. OU ni Overused, wanaotumika sana, chini yake UU, RU, NU, na kule chini PU. Usihangaike kutafuta kirefu cha PU maana hakipo, ni ile sauti Wamarekani wanatoa wakisikia harufu mbaya. Juu ya OU kuna Ubers, wale waliofukuzwa kwa sababu wanaharibu mchezo. Na daraja halimaanishi Pokemon ni mzuri au mbovu, ni hesabu ya matumizi, mstari upo kwenye asilimia 4.52, namba ambayo imetoka kwenye hesabu kwamba ukicheza mechi 15 una nafasi nusu kwa nusu ya kukutana naye angalau mara moja. Kwa hiyo mtu akikwambia "huyo ni RU tu" hajakwambia hawezi kukuua.

Ukichanganya hizo sehemu mbili umekwisha. Timu ya OU imejaa watu wa kuweka mawe na kurudisha damu taratibu, ipeleke VGC inaisha raundi ya nne. Huko VGC maneno ni mengine kabisa, Fake Out (pigo la kumshtua mpinzani asicheze raundi hiyo), Tailwind (upepo wa kuiongezea timu spidi), na "redirection", yaani Pokemon anajitolea kupigwa ili mwenzake apone. Mfano ambao kila mtu anaujua ni Pachirisu wa Sejun Park, fainali ya dunia 2014, kakindi kadogo ka umeme kamesimama kanatumia Follow Me, mapigo yanamwendea yeye, pembeni Gyarados anajipanga kwa raha zake. Watu walicheka walipomwona kwenye timu. Kikombe alikichukua.

Herufi moja maana tatu. Hapa tulia. HP kwenye gemu ni damu, sawa, lakini kwenye maandishi ya zamani ukiona "HP Ice" hiyo sio damu ya barafu, ni Hidden Power ya aina ya barafu, muvu ambayo iliondolewa 2019. Mi niliitafuta kwenye gemu langu jioni nzima nikadhani kopi yangu ina shida. BP inaweza kuwa muvu ya Baton Pass, inaweza kuwa nguvu ya pigo, inaweza kuwa zile pointi unazonunulia vitu. TR ni Trick Room, ile muvu inayogeuza mambo wa taratibu wanaanza kwanza, lakini kwenye Sword na Shield TR pia ni ile diski ya kufundishia muvu. WP ukiiona mwisho wa mechi mtu anakwambia umecheza vizuri, ukiiona kwenye timu ni aitemu ya Weakness Policy. Kwa hiyo ukikutana na herufi angalia kwanza imekaa wapi na maandishi ni ya gemu la mwaka gani. Mwaka kwanza, herufi baadaye.

Sasa ile yangu.

Niliomba timu kwa jamaa mmoja mkali, mtu mwenye roho nzuri, akanitumia sita wote. Wa nne alikuwa Gengar, na chini yake imeandikwa hivi: 252 SpA / 4 SpD / 252 Spe, Timid Nature (nature ni tabia ya Pokemon, Timid inaongeza spidi). EV nilishazijua kwamba ni pointi za mazoezi, Pokemon mmoja anabeba 510 jumla, na sehemu moja mwisho 252. Kwa hiyo nikajiona mtaalamu. SpA nikaijua, ataki ya special. SpD nikasema hii ni spidi, si imeandikwa S, P, D, spidi, unaisikia kabisa. Spe nikasema itakuwa ni special ile ya kujikinga. Kwenye akili yangu ilikaa sawa kabisa, hata sikuuliza. Nikaona ajabu kidogo kwamba spidi kapewa 4 tu na kujikinga 252 lakini nikasema jamaa ni mkali, ana sababu zake.

Ni kinyume. SpD ni Special Defense. Spe ndo Speed. Rudia kwa sauti kama uko peke yako.

Na sikuwa nacheza kwenye Showdown, ile ya kuchezea mechi mtandaoni bila gemu lenyewe, ambapo unabadilisha namba kwa sekunde, nilikuwa kwenye gemu lenyewe, nimemnunulia Gengar wangu vitamini 26 za Zinc, moja inaongeza 10, pesa yote ya kwenye gemu imeisha. Nikaingia mashindano ya grupu letu, levo 50. Raundi ya kwanza nikapita kwa sababu mpinzani wangu alikuwa hajui kuliko mimi. Raundi ya pili mechi imefika mwisho, mi nimebaki na Gengar mzima, yeye kabaki na Garchomp ana nusu ya damu. Nina Dazzling Gleam, ya fairy, Garchomp ni dragon, inamwingia mara mbili. Na kila mtu anajua Gengar ana spidi kuliko Garchomp, spidi ya asili (base) 110 kwa 102, hilo hata mimi nilikuwa nalijua kichwani. Nimeshaanza kuandika GG, kweli tena, vidole viko kwenye herufi.

Garchomp akaanza yeye. Earthquake. Gengar tangu gemu za 2016 hana tena ile Levitate ya kumwinua juu ya ardhi, kwa hiyo tetemeko linamkuta barabara na upande wake wa sumu unaliongeza mara mbili. Akalala palepale.

Nikamwambia jamaa umetumia Scarf. Akasema sina Scarf. Nikamwambia basi unadanganya, akanitumia picha ya skrini, Garchomp wake spidi 154, hata hakuwa na nature ya Jolly ya kuongeza spidi, alikuwa Adamant, ya kuongeza ataki! Nikafungua wangu: 144. Yule mkali aliyenipa timu akaniuliza swali moja tu, "mbona yako 144, si inatakiwa 178?" Nikamwonyesha nilivyopanga. Kimya. Alafu akaandika "SpD sio spidi kaka" na grupu zima likaona. Mpaka leo kuna watu pale wananiita Spidi.

Kilichoniuma zaidi ni kurekebisha. Huwezi kuongeza tu spidi maana 508 kati ya 510 zimeshajaa, lazima kwanza utoe. Kutoa unampa matunda, Grepa ndo linalopunguza SpD, 10 kwa kila tunda, 252 maana yake matunda 26. Alafu ndo unaanza Carbos za spidi, 25 zinatosha maana 4 alikuwa nazo. Kwa hiyo kabla hujampa Pokemon vitamini hata moja fungua ukurasa wa namba zake, ushike ile karatasi ya timu pembeni, na ujisomee moja moja: SpA ataki ya special, SpD kinga ya special, Spe spidi. Na ukimaliza angalia namba ya mwisho, umuulize aliyekupa timu "hii itoke ngapi?" Swali hilo lingeniokoa.

Ukishayajua hayo ndo unaweza kusoma calc, mistari mirefu ya hesabu za mapigo watu wanayorushiana wakibishana. "252+ SpA" ile alama ya kujumlisha maana yake nature yake inaongeza asilimia 10 hapo. "vs. 4 HP / 0 SpD", hapo HP ni damu kweli, tumerudi kawaida. Mwisho inaandika nafasi ya kuua, na ukiona "6.3% chance to OHKO" usishangilie, kila pigo lina namba 16 zinazoweza kutoka, kuanzia asilimia 85 mpaka 100, we unaomba itoke ile moja ya juu kabisa. Watu wanaita roll. "High roll" kwako ni "hax" kwa mwenzio, na hax ni neno la kila bahati mbaya, crit yaani pigo la bahati linalouma zaidi (1/24 siku hizi), kugandishwa, kukosa. Focus Blast yenye asilimia 70 inaitwa Focus Miss na jina limestahili. Ila usiwe yule mtu wa kuandika hax kila akipigwa, wanakukariri.

Majina ya mkato ya Pokemon wenyewe utayazoea: Chomp ni Garchomp, TTar ni Tyranitar, Lando-T ni Landorus yule wa umbo la mnyama, Pult ni Dragapult. Hatari ni kwa muvu, SD ni Swords Dance, DD ni Dragon Dance, CM ni Calm Mind, NP ni Nasty Plot, zote za kujiongezea nguvu, ukisikia "anaweza kuwa SD" jua unatakiwa kumtoa haraka kabla hajaanza kucheza ngoma. EQ ni lile lile lililoniua.

Ukienda mashindano rasmi jua OTS, karatasi ya timu ya wazi, mpinzani anaona muvu zako, aitemu, abiliti na Tera (aina anayoweza kujigeuza kwenye Scarlet na Violet), lakini EV na nature haoni, kwa hiyo usimwambie ukijisahau kwenye stori za foleni. Bo3 ni mechi tatu anayeshinda mbili kapita. DQ ni kutolewa, na wengi wanatolewa kwa kuchelewa meza, sio kwa kuiba. Timu uliyopewa na mtu usiibandike tu ukaanza kucheza, isome yote mpaka chini, kuna kamstari kadogo ka "IVs: 0 Atk" (IV ni namba anazozaliwa nazo Pokemon, Atk ni ataki) ambako watu wanakaruka, kako pale ili ukipigwa na Foul Play, pigo linalotumia ataki yako mwenyewe, au ukichanganyikiwa ukajipiga mwenyewe usiumie sana. Ukikuta 0 Spe usimrekebishe huyo, ni wa Trick Room, katengenezwa taratibu makusudi. Neno usilolijua liulize kabla ya mechi, sio katikati, saa inatembea. Na chaji mashine.