Kigoma mpaka Ujiji kwa baiskeli, njia ya siku moja

Kila kiangazi kuna ndugu au rafiki anashuka na treni hapa Kigoma ananiuliza aanzie wapi kuona mambo ya kale, na kila mara jibu langu ni hilohilo, tafuta baiskeli. Siyo bodaboda wala bajaji, baiskeli. Historia ya mji huu karibu yote imelala kwenye barabara moja isiyozidi kilomita 10, kuanzia stesheni pale Ziwa Tanganyika mpaka Ujiji, sasa ukipanda daladala unaona maduka na vumbi basi, umeshuka, umepiga picha na sanamu, umerudi, na ukiulizwa Ujiji pakoje huna cha kusema. Kwa baiskeli unasikia harufu ya mawese yanachemka, unasalimiana na watu, unasimama pale moyo unapotaka. Nimepita hii njia mara nyingi na nawaandikia vile ningemwelekeza mdogo wangu.

Kwanza muda wa kuja. Mwezi wa 6 mpaka wa 9 ndo raha, pakavu, asubuhi kuna kaubaridi kidogo. Mvua zikishaanza mwezi wa 10 kwenda wa 11 barabara kuu ya lami haina neno ila vile vichochoro vya Ujiji na njia ya kwenda Katonga udongo unajaa kwenye madigadi mpaka gurudumu haligeuki, unajikuta umebeba baiskeli badala ya yenyewe kukubeba wewe. Na kitu kingine ambacho wageni hawaambiwi, angalia mwezi angani. Wavuvi wa dagaa wanavua usiku kwa taa, mwezi ukiwa mpevu taa haina kazi kwahiyo wengi wanapumzika, maana yake ukija siku za mbalamwezi utakosa kuona taa ziwani usiku na asubuhi yake mchanga utakuwa mtupu hauna dagaa. Njoo siku za giza.

Baiskeli sasa. Kama huna ya kwako nenda Mwanga sokoni ukamwone fundi yeyote aliyekaa chini ya mti na makopo yake ya spana, yeye ndo anajua nani anakodisha na ipi ni nzima. Patana bei kabla hujapanda. Zile nzito za chuma zenye keria nyuma zinafaa kabisa, usizidharau, ndo hizohizo zinazobeba madumu ya mawese na mikungu ya ndizi kutoka vijijini kila siku, gea huhitaji kwa njia hii isipokuwa kilima kimoja na pale utashuka usukume kama sisi wote. Ila breki. Naomba hapa unisikilize vizuri kwa sababu mwaka juzi nilikodi baiskeli sehemu moja nikaamini neno la mwenyewe kwamba breki ziko sawa, natoka Mwanga nashuka kuelekea stesheni, kule ni mteremko mrefu, nabana breki ya mbele raba imeisha ni chuma kwa chuma, ya nyuma waya umelegea, nikaburuza mguu mpaka nikaingia kwenye mtaro. Kidonda kilichukua wiki 3 kupona. Kwahiyo kabla ya kulipa fanya hivi: bana breki ya mbele sukuma baiskeli mbele kwa nguvu, gurudumu la nyuma linatakiwa linyanyuke. Halafu bana ya nyuma uvute baiskeli kwa nyuma, inatakiwa iburuze isizunguke. Chungulia raba za breki kama bado zina nyama. Pitisha kidole kwenye spoku zote, iliyolegea utaijua kwa mlio. Siti ipandishe mpaka mguu ukiwa chini kwenye pedeli goti libaki limekunjwa kidogo tu, watu wanaendesha na siti iko chini halafu jioni wanalia magoti.

Beba maji, kofia, kitambaa cha kufuta jasho, pampu kama umeipata, na hela ndogondogo. Vaa suruali au sketi ya heshima, Ujiji ni mji wa Waislamu wa zamani sana, kaptula za kubana za michezo zitafanya wazee wakuangalie pembeni na utakosa stori zao. Na shikamoo iwe mdomoni muda wote, ukiweza jifunze na "mwakeye" ya Kiha kwa asubuhi, utaona nyuso zinavyofunguka.

Anza saa 12 asubuhi pale stesheni. Hilo jengo ni la Wajerumani, reli kutoka Dar ilifika hapa mwezi wa 2 mwaka 1914, zaidi ya kilomita 1,200, na miezi michache tu baadaye vita vikuu vya kwanza vikaanza. Simama uitazame bandari. Hapa ndo ilipoungwa ile meli tunayoiita Liemba, Wajerumani waliijenga Papenburg kwao mwaka 1913, wakaifungua vipande vipande wakaipakia kwenye masanduku kama 5,000, ikaja kwa bahari halafu kwa reli, ikaunganishwa hapahapa ikaingia majini mwaka 1915 kwa jina la Goetzen. Mwaka 1916 walipoona wanazidiwa wakaizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi, ila mafundi wakazipaka injini grisi nene kwanza, na hiyo grisi ndo iliyookoa meli kwa sababu Waingereza walipoiibua mwaka 1924 injini zilikuwa bado zinafaa, mwaka 1927 ikarudi kazini na jina jipya. Mi kila nikipaka cheni yangu grisi nawakumbuka wale mafundi. Bandari hiihii ndo Che Guevara alipitia mwaka 1965 kwenda kupigana Kongo na humuhumu akarudia. Kupiga picha bandarini na stesheni omba ruhusa kwanza, usijifanye mjanja.

Kutoka stesheni barabara inapanda moja kwa moja kwenda Mwanga chini ya miembe mikubwa. Ndo kilima chenyewe. Usikimbilie, anza polepole, ukiona pumzi inakata shuka sukuma, asubuhi kivuli kipo. Ukifika Mwanga kunywa chai, kula chapati au mihogo, maana mbele kidogo jua litakuwa limechangamka. Kutoka hapo kwenda Ujiji barabara ni nyepesi, kaa kushoto, piga kengele kwenye bajaji zinazojitokeza ghafla, na malori yakija nyuma yako toka nje ya lami kabisa, hakuna aibu.

Ujiji utaijua kwa nyumba. Zinakuwa za zamani, ndefu, baraza mbele, mitaa imenyooka na minazi na michikichi juu. Watu hapa ni Waha, Wamanyema, Wabwari, Wabembe, wengi mababu zao walivuka ziwa kutoka Kongo, wengine kwa biashara wengine kwa minyororo. Kunja kulia ufuate kibao cha makumbusho ya Livingstone kushuka upande wa ziwa, na ukipotea muulize mtoto yeyote.

Pale ndo pa kukaa sana. Kuna mnara wa jiwe, kuna miembe inayosemwa ni vizazi vya ule mwembe wa zamani ambao wenyewe ulishakufa, na ndani kuna sanamu za Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi, na Stanley, mwandishi wa habari aliyekuja kumtafuta, wanavuliana kofia walipokutana hapa mwaka 1871. Lipa kiingilio, mchukue mwongozaji, msikilize. Lakini mi nakuomba ukiwa umekaa kivulini pale uwafikirie na wale ambao hawana sanamu. Mtu wa kwanza kumsalimia Stanley kwenye ule umati hakuwa Livingstone, alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone, akafuata Chuma mwenzake, na ni hao Susi na Chuma pamoja na wenzao ambao mwaka 1873 Livingstone alipofariki kule ambako leo ni Zambia waliubeba mwili wake kwa miguu mpaka Bagamoyo. Na kwenye msafara wa Stanley kiongozi alikuwa Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto akapelekwa mpaka India akarudi huru, na kwake Ujiji haikuwa ngeni kwa sababu alishafika na wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke mwaka 1858, miaka 13 kabla. Yaani mwenyeji kwenye ile safari alikuwa yeye. Muulize mwongozaji habari zao, ukimuuliza anafurahi, wengi wanauliza za wazungu tu.

Utajiuliza mbona tuko mbali na maji wakati wanasema hapa palikuwa mwaloni, yaani pale maboti yanapoegesha. Ziwa lilishuka. Miaka ile Tanganyika lilikuwa limejaa mpaka juu, mwaka 1878 hivi maji yakapasua njia upande wa pili kwenye mto Lukuga kwenda Kongo, na miaka iliyofuata kina kikashuka kama mita 10, ufukwe ukasogea. Miaka hii ya karibuni maji yamepanda tena yamemeza nyumba na maduka ya ufukweni, utayaona mabaki ukishuka.

Na ushuke kweli, usiishie makumbusho. Telemka mpaka mwaloni kwenye mafundi wa mitumbwi na maboti ya mbao, utasikia nyundo kabla hujawaona. Salimia, kaa, tazama wanavyoshindilia pamba kwenye nafasi za mbao ili maji yasipite. Hapa ndo misafara ya watumwa na pembe za ndovu kutoka Manyema ilishushwa, ikapumzishwa, halafu ikaanza mwendo wa miguu kwenda Tabora na Bagamoyo, kilomita zaidi ya 1,000. Mi nikifika pale huwa naizima simu. Ijumaa mchana epuka kuzungukazunguka mitaani wakati wa swala, subiri watu watoke.

Rudi Mwanga kabla ya saa 7, jua la mchana siyo la kushindana nalo. Kula ugali na mgebuka, samaki wa ziwa hili, wa mawese, hata kama umezoea mafuta ya alizeti kula, pumzika mpaka saa 9 na nusu.

Jioni ni Katonga. Shuka tena mjini halafu ufuate barabara ya Bangwe, kama kilomita 5 hivi. Juu ya kilima utaiona ile nyumba wanayoiita ya Kaiser, ya Wajerumani, wanasema ilijengwa kwa ajili ya mfalme wao aje kuwinda na hakuwahi kuja, sasa ni ya serikali kwahiyo pita tu usinyooshe simu. Mbele lami inaisha na vilima vinakuja kimoja baada ya kingine, hapa ndo miiba ipo.

Mi nilipata pancha hapa mara 2 kwa siku moja na mzee mmoja fundi ndo alinifundisha kitu. Mara ya kwanza niliziba mwenyewe haraka nikaondoka, mita 300 upepo ukaisha. Yule mzee akalaza baiskeli, akatoa tyubu, akaijaza upepo akaizamisha kwenye beseni kidogo kidogo, akaona povu, akaweka alama kwa kijiti. Akakausha, akaikwaruza na kopo lililotobolewa kwa msumari, akapaka solusheni, akaacha ikauke mpaka haing'ang'anii kidole, mi naona anachelewa yeye ananiambia kijana solusheni mbichi haishiki. Akabandika kiraka cha tyubu ya zamani akakigonga. Nikajua tumemaliza. Bado. Akachukua tairi akaingiza vidole ndani akaanza kuzunguka nalo taratibu amefumba macho, akasimama, akachomoa mwiba mdogo kama punje ya mchele uliokuwa umebaki umechomoza kwa ndani. "Huu ndo uliokutoboa asubuhi na jioni." Tangu hapo sirudishi tyubu bila kupapasa tairi lote, na wewe fanya hivyohivyo.

Katonga kijiji cha wavuvi, asubuhi dagaa wanaanikwa, jioni maboti yanajiandaa, wanajaza mafuta, wanapanga nyavu na taa. Pembeni yake kuna ufukwe wa Jakobsen, una kiingilio, mchanga safi na maji meupe unaona mpaka chini. Kuogelea uliza wenyeji kwanza kama mamba wameonekana siku hizo, na usiende mbali, hili ziwa kina chake kinafika mita 1,470. Jua linazama upande wa Kongo nyuma ya milima.

Gombe, ile hifadhi ya sokwe, wengi wanataka kuunganisha siku hiyohiyo, haiwezekani kwa baiskeli, barabara haifiki, unapanda boti Kibirizi, ipe siku yake.

Katonga ondoka jua likiwa bado na rangi kwa sababu vile vilima gizani bila tochi mashimo huyaoni, baiskeli za kukodi nyingi dinamo haziwaki. Ukishafika lami ya Bangwe pale juu simama kidogo ugeuke nyuma. Taa za wavuvi zinaanza moja moja, baada ya robo saa ziwa lote lina taa. Na ukifika ulipofikia usilale kabla hujafuta mchanga kwenye cheni na kitambaa kikavu na kupaka tone la mafuta, mchanga wa ziwa ukilala na cheni usiku kucha asubuhi unamrudishia mwenyewe baiskeli inalia.