Saa janja haionekani juani? Kagua sensa ya mwanga kabla ya kununua kioo

Hapa Mwanjelwa, Mbeya, baridi ya Juni ikianza kukaza, wateja huniletea saa janja na kilio kimoja: "Fundi, nikitoka nje sioni kitu." Nyingi naziponya bila kuzifungua.

1. Hakikisha sensa ipo, yaani kihisi kinachopima mwanga wa mahali ulipo ili saa ipandishe au ishushe mwanga wa kioo. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya mwanga wa kioo. Usipokuta mwanga wa kujirekebisha, huenda saa yako haina sensa. Panga mwanga mwenyewe. Ukiukuta, uwashe. Zile taa za kijani za mgongoni ni za mapigo ya moyo, usizichanganye.

2. Itafute. Inamisha saa chini ya tochi, uangalie ukingo mweusi wa kioo. Mara nyingi utaona kidoa kidogo kama punje ya ulezi. Baadhi ya saa zimeificha chini ya kioo chenyewe.

Humo mna fotodayodi ya silikoni. Mwanga ukiigonga hutoa umeme kidogo sana. Mwanga ukizidi, nao umeme unazidi. Umeme huo hugeuzwa namba, na saa huisoma kwa luksi, kipimo cha mwanga: ofisini kama 300 hadi 500, jua kali la mchana hadi 100,000. Silikoni huona pia infraredi, mionzi ya joto ambayo jicho halioni, ndiyo maana sensa nzuri huwekewa kichujio cha kuizuia. Bila hicho, jiko la mkaa lingeidanganya saa kuwa kumekucha.

3. Ijaribu. Imulike kidoa kwa tochi: kioo kinapaswa kung'aa. Kisha kifunike kwa kidole, usifunike kioo kizima, maana saa nyingi huzima zikifunikwa na kiganja. Subiri hata sekunde kumi. Saa hukawia makusudi, kioo kisije kikawa kinapepesa kila kivuli kikipita.

4. Haibadiliki? Ondoa kinachoiziba. Kwanza mkono wa sweta. Pili protekta. Mama mmoja wa Uyole alishaambiwa anunue kioo kipya. Nilipobandua protekta, ukingo wake mweusi ulikuwa umekaa juu ya kidoa kabisa, na gundi imegandia. Nikafuta kwa kitambaa laini chenye spiriti kidogo. Akatoka mlangoni, akainua mkono juani, akanisomea saa kwa sauti.

5. Bado? Zima, washa, sasisha programu. Kama iliwahi kuanguka au kuingia maji, mpelekee fundi akague waya bapa wa sensa, na mwambie gundi ya kurudishia kioo isiguse kidoa.