Kabla hujauliza "nifanye nini", angalia kwanza unaangalia kwa macho gani

Wakristo wengi tukiwa na jambo la kuamua tunakimbilia swali moja tu, Mungu anataka nifanye nini, nichukue hii kazi au niache, nioane na huyu au nisubiri, halafu tunakaa tunangoja ishara. Swali halina ubaya, ila ukweli ni kwamba mara nyingi tukifika hapo tumeshaamua kitambo, tuliamua siku ileile tulipoanza kuliangalia jambo lenyewe, na maombi yanakuja kugonga muhuri. Kwa hiyo hapa tunarudi nyuma kidogo, tunaanza na macho.

Soma Hesabu 13 taratibu. Musa anatuma watu 12 wakaipeleleze Kanaani, wanakaa siku 40, wanaona nchi ileile, miji ileile yenye ngome, watu walewale wakubwa. Wakirudi hawabishani kuhusu walichokiona, hata Kalebu hasemi majitu hayapo. Tofauti inakuja kwenye kupiga hesabu, wale 10 wanajipima wao na majitu wanajiona panzi, Kalebu na Yoshua wanampima Mungu na majitu, basi, na kutoka hapo uamuzi wa kila upande unajipanga wenyewe. Kosa la kuangalia likaligharimu taifa zima miaka 40 jangwani.

Sasa fanya hivi. Chukua karatasi au fungua notsi kwenye simu, andika hilo jambo lako kama unamsimulia mtu, usipambe. Ukimaliza pitia mstari kwa mstari utenganishe kilichotokea na kile unachojiambia kuhusu kilichotokea. "Bosi hajaniongezea mkataba", hiyo imetokea. "Mimi sina bahati, hakuna mtu atanichukua tena", hiyo umejitungia mwenyewe, na unaweza kushangaa ni kiasi gani cha maelezo yako kipo upande huo. Halafu angalia Mungu ametajwa wapi. Yule tajiri wa Luka 12 alikuwa na plani nzuri tu, abomoe ghala, ajenge kubwa zaidi, ila ukisikiliza anavyoongea ni mavuno yangu, ghala zangu, nafsi yangu, hakuna mtu mwingine kwenye hiyo stori. Kama ya kwako nayo iko hivyo usiende mbele kwanza, iandike upya ukijua mali ni ya Mungu wewe ni msimamizi tu, na kwamba kuna watu wengine ambao huo uamuzi wako utawagusa. Mara nyingi swali lenyewe linabadilika, unakuta ulikuwa unauliza nitapata nini, sasa unauliza nitamtunzaje mama, au nitakuwa mtu wa aina gani nikikaa pale miaka mitano.

Baada ya hapo jiulize unaogopa nini na unatamani nini, na jibu kwa uaminifu maana hapa ndo tunadanganyana sana. Lutu kwenye Mwanzo 13 aliinua macho akaona bonde la Yordani lina maji kila mahali, akachagua, yaani kwa hesabu za kawaida alichagua vizuri kabisa, ila jirani yake akawa Sodoma na hakuonekana kulipa hilo uzito. Esau naye akauza haki ya mzaliwa wa kwanza kwa sababu alirudi kutoka porini amechoka ana njaa akajiona anakufa, na hakuwa anakufa. Uchovu unakuza mambo. Ignatius wa Loyola, yule mwanajeshi wa karne ya 16 aliyejeruhiwa kwa mzinga akaja kuwa mwanzilishi wa Wajesuiti (shirika la watawa Wakatoliki), alikuwa na kanuni moja naipenda kweli, kwamba ukiwa kwenye giza la moyo usibadilishe uamuzi uliofanya ukiwa na nuru, kaa hapohapo mpaka lipite. Kwa hiyo usiamue ukiwa na hasira, usiamue usiku wa manane ukiwa unaskroli simu, usiamue siku ya msiba kama sio lazima. Lala kwanza.

Kuna vitu havihitaji maombi ya siku tatu. Kufoji cheti, kutoka na mume wa mtu, kumnyima mfanyakazi haki yake, hayo yalishajibiwa, na ukijikuta unayaombea ujue unatafuta ruhusa. Yusufu kwa mke wa Potifa hakuomba ishara, aliuliza nitafanyaje ubaya huu nimkosee Mungu, akakimbia. Lakini upande wa pili nao tuuseme, kuna mambo mengi sana Mungu kakuachia uhuru na watu wanajitesa bure. Paulo anamwambia mjane kwenye 1 Wakorintho 7:39 yuko huru kuolewa na anayemtaka, ila iwe katika Bwana tu. Anayemtaka! Hajamwambia atafute jina limeandikwa mawinguni. Ukiwa kwenye eneo hilo la uhuru tumia maswali ya Paulo mwenyewe kwenye barua hiyohiyo: hiki kinafaa, kinajenga, au kitanitawala mimi? na kuna ndugu dhaifu atajikwaa kwa sababu yangu?

Hapa kwenye "mlango umefunguka" naomba tukae kidogo maana naona ndipo watu wanapoumia zaidi. Mtu anakwambia nimeona ni Mungu kwa sababu kila kitu kimekubali, viza imetoka, hela imepatikana, mtu kanipigia mwenyewe. Yona alipokimbia aliteremka Yafa akakuta meli inaenda Tarshishi, na nauli alikuwa nayo akalipa, mlango wazi kabisa na alikuwa anamkimbia Mungu. Daudi naye, 1 Samweli 24, yuko ndani ya pango Sauli anaingia peke yake, watu wake wanamnong'oneza hii ndo siku Bwana aliyokuahidi, na Daudi alikuwa ameshapakwa mafuta kweli awe mfalme, ahadi anayo, adui mbele yake, kisu mkononi. Akakata pindo la vazi tu na hata hilo likamsumbua moyoni, maana aliyekuwa mbele yake alimwona kuwa masihi wa Bwana, yaani mfalme aliyepakwa mafuta kwa jina la Mungu, wenzake walimwona adui. Nafasi inakwambia jambo linawezekana, haikwambii kama ni sawa kulifanya. (Na habari za ngozi ya Gideoni, ile ya kondoo aliyoitandaza akimwomba Mungu ishara ya umande, tuachane nazo, Gideoni alikuwa ameshaambiwa la kufanya, ngozi ilikuja kwa sababu ya mashaka yake.)

Ukishafika hapo tafuta watu, wawili watatu wanatosha. Wachague wasiopata faida yoyote ukiamua hivi au vile, na angalau mmoja awe anaweza kukwambia hapana bila kukuogopa. Mfalme Rehoboamu aliuliza wazee, akasikia asichokipenda, akaenda kwa vijana aliokua nao wakamwambia anachotaka, ufalme ukagawanyika makabila kumi yakaondoka. Waeleze yote pamoja na ile sehemu inayoharibu kesi yako, na tafadhali usianze na "Mungu ameniambia", maana ukianza hivyo umeshawafunga mdomo, nani atabishana na Mungu?

Halafu piga hesabu kawaida kama mtu mwingine yeyote. Yesu mwenyewe kwenye Luka 14 anaongelea mtu anayekaa chini kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara. Nehemia, aliyetaka kwenda kuujenga upya ukuta wa Yerusalemu, alifunga na kuomba miezi kadhaa, lakini mfalme alipomuuliza anataka nini alikuwa na majibu, muda atakaokaa, barua za kupita kwa maliwali, mbao za malango. Kuomba hakukumzuia kupanga.

Amua sasa. Andika sababu zako na tarehe, utazihitaji mambo yakianza kuwa magumu, na yanaweza kuwa magumu mapema tu. Paulo alitaka kwenda Asia (jimbo la Kirumi la wakati huo) akazuiwa, akajaribu Bithinia ikakataa, akaona maono ya mtu wa Makedonia wakavuka, na pale Filipi yeye na Sila wakapigwa fimbo wakafungwa miguu kwenye mkatale. Hakuna mahali kwenye Matendo 16 wanapokaa kujadili kama walisikia vibaya yale maono. Kwa hiyo wiki ya kwanza ikikuchapa usikimbilie kusema nilikosea, rudi kwenye ile karatasi uone kama sababu zako bado zimesimama, na kama kuna kitu kipya kimejulikana ambacho hukukijua mwanzo, basi hapo una haki ya kuangalia tena.