Unataka kuwa mwalimu wa taekwondo Malindi? Soma hii kwanza

Vijana wanaopiga mateke safi hapa Malindi wako wengi, ukipita ufuoni jioni utawaona wanaruka na kuzunguka hewani mpaka watu wanasimama kuangalia, lakini mpe mmoja wao watoto kumi awafundishe nusu saa uone anavobabaika. Kupiga na kufundisha ni fani mbili, na hii ya pili ndo itakayokulisha, kwa hivo usingoje mkanda mweusi ndo uanze kuisomea.

Ukifika mkanda wa bluu hivi, muombe mwalimu wako akuachie wale wa mkanda mweupe wakati wa kupasha mwili moto. Utaona mtoto wa miaka sita hataki maelezo, anataka kuona, ajaribu, akosee, alafu umrekebishe kitu kimoja tu. Chukua ap chagi, lile teke la mbele. Leo mwambie goti lipande kwanza, basi. Siku ingine mwambie avute vidole vya mguu nyuma apige na wayo wa mbele, manake akipiga na vidole atajiumiza. Ukimwambia yote kwa pamoja anasimama anakutizama tu. Na majina ya Kikorea usiyaache, charyeot (simama wima), joonbi (jiandae), hana, dul, set (moja, mbili, tatu), watoto wanayashika haraka kuliko wakubwa, na siku wakienda kwenye mashindano refa anatumia hayo hayo.

Sasa karatasi. Unapanda kutoka kup ya 10 mpaka ya 1, hizo ni ngazi za kabla ya mkanda mweusi, katikati hapo unasoma zile Taegeuk nane, ile mipangilio ya mapigo na kinga unayofanya peke yako, ndo unaingia Dan, ngazi za mkanda mweusi. Hakikisha Dan yako imesajiliwa Kukkiwon, yale makao makuu ya taekwondo ya Seoul, Korea Kusini, yaliyofunguliwa 1972, manake kuna mikanda mieusi ya klabu tu ambayo ukitoka nje ya mji wako hakuna anayeijua. Dan ya 1 kwenda ya 2 ni angalau mwaka mmoja, kwenda ya 3 miwili, kwenda ya 4 mitatu, na ile kozi ya ualimu ya kimataifa ya Kukkiwon wanataka uwe Dan ya 4. Ni safari ndefu, kwa hivo usiache kazi yako. Kama unaendesha tuktuk asubuhi endelea nayo, darasa liwe jioni.

Mahali pa kufundishia pana hesabu zake. Mchanga wa ufuoni maji yakitoka unakuwa mgumu na mzuri kabisa, haukudai kodi, lakini maji hayafuati ratiba yako, kila siku yanachelewa kama dakika hamsini, leo saa kumi jioni uko na uwanja, wiki ijayo saa hio hio bahari imejaa. Ufuo utumie kwa mazoezi ya nguvu na pumzi, darasa lenyewe litafutie ukumbi au uwanja wa shule, manake mzazi anataka kujua mtoto wake yuko wapi na anarudi saa ngapi. Masika ikiingia utashukuru una paa.

Wazazi ndo kila kitu. Kabla ujamwita mtoto wa mtu, toa cheti cha tabia njema cha DCI, ile idara ya upelelezi ya polisi, unaomba kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, alafu kiweke mahali kila mtu anakiona. Usipange darasa likagongana na madrasa. Ramadhani punguza, wengine wanafanya baada ya tarawehe na inafaa sana. Mama akiuliza kuhusu binti yake mueleze kwamba hijabu inaruhusiwa hata kwenye mashindano ya kimataifa, na karibisha mama aje akae aangalie. Mie naona klabu yenye wasichana wengi ndo inayodumu, sababu mama akiamini analeta na watoto wa jirani.

Kuna wazazi watakwambia huo ni ukorofi. Waambie ni mchezo wa Olimpiki wa medali tangu Sydney 2000, na Faith Ogallo aliiwakilisha Kenya Tokyo. Alafu waoneshe unavolinda watoto: hakuna sparingi, yani kupigana kwa mazoezi, bila hogu (kinga ya kifua), kofia na kikinga meno, na wadogo hawapigani kichwa. Mtoto akigongwa kichwa akasema anaona kizunguzungu, siku hio amemaliza, apelekwe hospitali, hata kama fainali ni kesho.

Ada ichukue kwa M-Pesa uweke rekodi, iwe ndogo ya kulipika, na usitegemee hoteli. Msimu wa wageni watakuita ufundishe watalii na pesa ni nzuri, lakini kuanzia Aprili hoteli nyingi zinapoa na simu inanyamaza. Shule ndo zinazolipa mwaka mzima, kila muhula. Nenda kwa mwalimu mkuu na barua, cheti cha Dan na cheti cha tabia njema, umuombe akupe darasa moja la majaribio Ijumaa mchana baada ya swala.