Kukata matini ya Python bila kuvunja herufi zenye alama

Python haihesabu herufi unazoziona. Inahesabu namba za Yunikodi, mfumo unaozipa herufi na alama namba zao. Herufi é huweza kuandikwa kwa namba moja, U+00E9, au kwa mbili: e ikifuatwa na U+0301, alama inayoikalia juu. Kwenye skrini huwezi kuzitofautisha. Lakini "café" ya aina ya pili, tuiite `s`, ina `len` (urefu) ya 5, `s[:4]` hurudisha "cafe" tupu, na `s[::-1]`, inayoigeuza matini kinyumenyume, huitanguliza alama, nayo hudandia chochote kilicho kushoto kwake, hata alama ya kunukuu.

Anza na `unicodedata.normalize("NFC", s)`, mara tu data inapoingia; NFC huunganisha herufi na alama yake kuwa namba moja, kama namba hiyo ipo. Ukilinganisha kwa `==`, pande zote mbili ziwe zimepitia hapo.

NFC pekee haitoshi. Herufi g̃ haina namba yake moja, hivyo itabaki namba mbili daima. Sakinisha moduli ya `regex`, kwa kuwa `re` ya kawaida haiijui `\X`, inayokamata herufi nzima pamoja na alama zake, kisha:

`vipande = regex.findall(r"\X", s)`

Kata `vipande[:4]`, halafu unganisha kwa `"".join()`. Usipeleke nafasi za orodha hii kwenye `s` yenyewe, hazilingani.