Somo: Kutengeneza kitabu cha sauti kwenye kompyuta kwa mwanafunzi mwenye ulemavu wa akili

Habari zenu, walimu na wazazi.

Wengi tukipata kompyuta tunamwekea mtoto programu inayomsomea kila kitu. Anasikiliza na kufurahi, lakini kusoma hajui. Kusikiliza hadithi ni jambo jema, ila kama tunataka asome mwenyewe, sauti ya kompyuta ije baada ya yeye kujaribu. Ndiyo maana napendelea kitabu unachokitengeneza wewe.

Unahitaji kompyuta yenye spika na maikrofoni, na programu ya slaidi, yaani kurasa zinazotokea moja moja kwenye skrini. PowerPoint inafaa, na LibreOffice Impress ni ya bure.

Hatua ya 1. Hakikisha masikio na macho yake yamepimwa. Wengi wenye sindromu ya Down, hali ya kuzaliwa nayo inayoleta ulemavu wa akili, husikia kwa shida, na mara nyingi tunadhani haelewi kumbe hasikii.

Hatua ya 2. Andika sentensi za maisha yake, moja kwa kila slaidi, na ubadilishe neno moja tu: *Mama anapika. Baba anapika. Dada anapika.* Zikizoeleka, badilisha kitenzi: *Dada anafua.*

Hatua ya 3. Herufi ziwe kubwa, pointi 40 hivi, nyeusi juu ya rangi moja iliyopoa, bila mapambo. Picha isitokee pamoja na maneno. Jicho hukimbilia picha, na mtoto atasema "mama" kwa kuwa amemwona mama, wala hajaangalia herufi hata moja. Panga slaidi hivi: sentensi itokee peke yake, na ukibofya ndipo zije picha na sauti.

Hatua ya 4. Rekodi sauti ya mtu anayemfahamu. Kwa neno gumu tengeneza slaidi ya silabi, ukipishanisha rangi mbili: *a-na-pi-ka*. Tunayo bahati, silabi zetu nyingi huishia na irabu na husomwa kama zilivyoandikwa. Tamka silabi polepole, kisha neno zima kwa mwendo wa kawaida. Usiache kutamka neno zima, kwani mtoto anaweza kujua silabi zote nne asijue kwamba ni kupika.

Hatua ya 5. Hapa ndipo penye kazi. Siku za mwanzo cheza sauti mara tu sentensi inapotokea, naye arudie, ili asizoee kukosea. Baadaye subiri sekunde 4 au 5 kabla ya kubofya. Hesabu kimoyomoyo, na uondoe mkono wako kwenye kipanya, maana ukibaki hapo mtoto atautazama mkono badala ya skrini. Akisoma, msifu, kisha bofya ili picha imthibitishie. Akikosea au akinyamaza, usiseme "hapana". Cheza sauti, arudie, endeleeni. Dakika 10 kila siku zinafaa kuliko saa nzima mara moja kwa wiki.

Hatua ya 6. Chapisha sentensi zilezile kwenye karatasi, bila rangi wala picha. Akisoma hapo na kukuonyesha picha inayolingana, ameshajua.

Maswali ya walimu na wazazi

*Mwalimu, mwanangu haongei. Atasomaje?*
Mama, kusoma si lazima kutamka. Mwonyeshe neno, achague picha kati ya tatu. Hamisha nafasi za picha kila mara, asije akakariri upande. Kama kipanya kinamshinda, iko swichi ya kitufe kikubwa inayofanya kazi kama kitufe cha nafasi cha kibodi.

*Wangu anabofyabofya ili asikie sauti tu, hasomi.*
Usimgombeze, sauti inamvutia na hilo litatusaidia. Kipanya ukishike wewe kwa muda, na sauti iwe zawadi ya kujaribu, hata akipatia silabi moja. Mwisho wa somo mwachie abofye atakavyo.

*Je, kompyuta haiwezi kusoma Kiswahili yenyewe, tusirekodi?*
Inaweza. NVDA, programu ya bure ya kusoma skrini kwenye Windows, huja na sauti ya kompyuta iitwayo eSpeak NG, ambayo ina Kiswahili. Sauti yake ni kavu na ya kimashine. Itamfaa msomaji aliyekwisha kushika njia, anayetaka kusomewa maandishi marefu. Kwa anayeanza, ndugu yangu, rekodi.

*Kijana wetu ana miaka 16. Vitabu vya wanaoanza ni vya watoto wadogo, anavisukuma mbali.*
Ana haki ya kuvisukuma. Mtengenezee kitabu cha umri wake: picha halisi badala ya katuni, timu anayoishabikia, kazi anazofanya nyumbani. Halafu ongezeni ujumbe wa simu. Kaka yake amwandikie *Nimefika* au *Njoo tule*, na msimsomee. Mpeni simu, msubiri.